Kitu gani kinafanya inchi ijulikane na wasafiri? Mulima mumoja, inchi tatu



Kuko ulizo lenye ninasikia karibu kila mara vijana wakikutana: «Congo iko na kila kitu, sasa juu ya nini watalii wanakwenda kwa majirani?» Kila mutu anajibu vile anawaza. Moja anasema ni vita. Mwingine anasema ni serikali. Wa tatu anasema wazungu hawatupendi. Kisha mazungumzo inakwenda kwenye mupira, na ulizo inabakia palepale.

Mimi niko mutu wa agronomia, siko mutu wa utalii. Lakini ile ulizo inanigusa kwa sababu kazi yenye nilijifunza, kazi ya udongo na mbegu, inaanzia mahali parki inaishia. Mulimaji wa pembeni ya parki njo jirani wa kwanza wa wanyama wenye dunia yote inataka kuona. Kama jina la inchi halimuletei kitu, ile jina haitadumu. Njo maana leo ninataka tuelewe polepole: inchi inajulikana namna gani? Nitachukua mufano wenye uko karibu na sisi, milima ya Virunga, juu pale ngagi ni wale wale, lakini inchi ni tatu.

Jambo la kwanza: kitu chenye hakipatikani kwingine

Mutu hawezi kulipa ndege, visa na hoteli juu ya kuona kitu chenye kiko kwao. Anasafiri juu ya kuona kitu chenye kiko mahali pamoja tu duniani, ao chenye kiko kizuri zaidi mahali pale. Ile njo mbegu. Bila mbegu hakuna shamba.

Kwa upande wa mbegu, inchi yetu haina haya. Okapi, munyama mwenye miguu ya mistari sawa punda milia lakini ni wa jamaa ya twiga, anaishi porini kwa Congo tu. Wasomi wa Ulaya walimuandika kwenye vitabu vyao mwaka 1901, lakini Wambuti wa Ituri walikuwa wanamujua tangu zamani za babu zao. Bonobo naye yuko Congo tu, upande wa kusini wa muto mukubwa. Tausi wa Congo aliandikwa mwaka 1936, na yeye pia haishi porini kwa inchi ingine. Gorila wa bonde la mashariki, wale wa Kahuzi-Biega, ni wa kwetu peke yetu.

Tuongeze milima. Nyiragongo, yenye urefu wa metre 3 470, ni moja ya volkano chache sana duniani zenye zimekuwa na ziwa la moto wazi kwa miaka mingi. Watu wa Goma wanaijua kwa uchungu: ilitapika mwaka 1977, 2002 na 2021. Rwenzori, kwenye mupaka na Uganda, inapanda mpaka metre 5 109 na iko na barafu juu, karibu kabisa na ikweta. Hata UNESCO imetia sehemu tano za Congo kwenye liste ya urizi wa dunia juu ya pori na wanyama: Virunga mwaka 1979, Garamba na Kahuzi-Biega mwaka 1980, Salonga mwaka 1984, na hifadhi ya okapi mwaka 1996.

Lakini tuangalie vizuri: mbegu si lazima itoke kwa Mungu. Mutu pia anaweza kuitengeneza. Mnara wa Eiffel kule Paris ni chuma tu. Ulijengwa kwa maonyesho makubwa ya mwaka 1889, na ulipaswa kubomolewa kisha miaka 20. Uliokoka kwa sababu ulikuwa na faida kwa mawasiliano ya radio. Leo Ufaransa njo inchi yenye inapokea wageni wengi zaidi duniani, na ule mnara njo picha yake ya kwanza. Hata sisi tuliisha kufanya kitu sawa hii: tarehe 30 mwezi wa 10 mwaka 1974, Muhammad Ali alipigana na George Foreman kule Kinshasa, na kwa usiku moja dunia yote ilitamka jina Zaire. Rumba yetu nayo, pamoja na ya ndugu wa Brazzaville, iliingia kwenye liste ya UNESCO mwaka 2021.

Kwa hiyo, mbegu tuko nayo. Shida haiko pale. Na mutu mwenye anaendelea kuhesabu wanyama wetu kila mara watu wanazungumuzia utalii, iko sawa mulimaji mwenye anahesabu mbegu kwenye kikapu na kusema ameisha kuvuna.

Jambo la pili: mutu mwenye anasimulia

Sasa tupande mulima.

Milima ya Virunga iko na volkano munane. Mikeno, Nyiragongo na Nyamulagira ziko ndani ya Congo. Karisimbi, yenye inazipita zote kwa urefu, iko kwenye mupaka wa Congo na Rwanda. Sabinyo inagawanwa na inchi tatu: Congo, Rwanda na Uganda. Kila inchi iko na parki yake upande wake, lakini ngagi hawana pasiporo. Familia moja inaweza kula asubui upande huu na kulala upande ule. Hesabu yenye ilitangazwa mwaka 2018 ilipata gorila wa mulima 604 kwenye ile milima. Ukiongeza wale 459 wa upande wa Bwindi, dunia yote iko na 1 063 tu. Hakuna wengine porini, popote.

Historia yao ilianzia kwetu. Carl Akeley, Mwamerika mwenye alikuwa anakusanya wanyama kwa jumba la makumbusho la New York, aliua gorila kule mwaka 1921. Kisha akageuka, akaomba wale wenye kubakia walindwe. Mwaka 1925 mufalme Albert wa Ubelgiji akaanzisha parki, ya kwanza ya aina hiyo kwa Afrika, ikapewa jina lake. Leo tunaiita Virunga, na iko na karibu kilometre za mraba 7 800. Akeley mwenyewe alikufa mwaka 1926 pale Kabara, kwenye mbavu za Mikeno, na alizikwa palepale. Mwaka 1959, George Schaller alifikia Kabara na kuanza kufuata ngagi bila bunduki, kwa daftari na macho tu.

Na Dian Fossey? Watu wengi wanawaza kazi yake ilianzia Rwanda. Hapana. Alianzia Kabara, Congo, mwezi wa kwanza mwaka 1967. Kisha miezi sita hivi, vita vya mwaka ule vilimushusha kutoka kwenye mulima. Mwezi wa 9 alikuwa upande mwingine wa mupaka, kati ya Karisimbi na Bisoke, na alijenga kambi yenye aliita Karisoke kwa kuunganisha majina ya ile milima miwili. Kitabu chake kilitoka mwaka 1983, kisha kukawa filme mwaka 1988. Kuanzia pale, mutu wa Chicago ao wa London akisikia «gorila wa mulima» anawaza Rwanda.

Tuelewe ile vizuri. Hakuna ngagi hata moja mwenye aliibwa. Chenye kilihama ni hadisi. Inchi inajulikana kupitia mutu mwenye anakaa mahali pamoja miaka mingi, anaangalia, anaandika, kisha anasimulia dunia. Munyama hawezi kujisimulia. Na mahali hakuna usalama wa kukaa na kuandika, hadisi inatafuta nyumba ingine.

Rwanda haikuachia ile hadisi ilale. Tangu mwaka 2005 wanafanya sherehe kila mwaka ya kupa watoto wa ngagi majina, mbele ya wageni na kamera. Mwaka 2018 waliandika jina la inchi yao kwenye mukono wa nguo ya Arsenal. Kuko maneno mingi kati ya sisi na wao, maneno nzito sana, na sitaki kuyafunika. Lakini mwanafunzi anaangalia namna jirani analima, hata kama wako na mabishano ya mupaka wa shamba.

Na sisi pia, siku tulisimulia, dunia ilisikia. Filme ya mwaka 2014 yenye iko na jina la Virunga ilifika mpaka kwenye Oscar. Mwaka 2019 picha moja ya mulinzi wa parki na ngagi wawili wayatima wenye wamesimama nyuma yake sawa watu ilizunguka kwenye simu za dunia nzima. Haikuomba franga hata moja ya matangazo.

Jambo la tatu: njia na usalama

Musafiri ni mutu mwenye anachagua. Hakulazimishwa kuja. Kama barabara imekatika, kama ndege haijulikani itatoka saa ngapi, kama visa inaomba barua tano, anafunga ukurasa na kufungua wa inchi ingine. Hafanyi kelele. Anapotea tu, na wewe hutajua kama alitaka kuja.

Zamani njia ilikuwa wazi. Miaka ya 1970 watalii walikuwa wanalala Rwindi, wanaangalia tembo na simba kwenye tambarare, na viboko wa ziwa Edward walikuwa karibu 30 000. Upande wa Bukavu, Mubelgiji moja, Adrien Deschryver, alikuwa anazoesha gorila wa Kahuzi kuona watu bila kukimbia, na wageni walianza kuletwa mwanzoni mwa ile miaka, mbele majirani wetu hawajajua ile kazi vizuri. Tulikuwa wa kwanza.

Kisha mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka kutoka Rwanda na kambi zikajengwa pembeni kabisa ya parki. Watu walihitaji kuni za kupikia, na kuni zilikuwa ndani ya parki. Mwaka ule UNESCO ilitia Virunga kwenye liste ya mahali penye hatari. Vita vikafuatana. Viboko walichinjwa mpaka wakabakia chini ya 1 000. Walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wameuawa kazini tangu zamani mpaka leo. Mwezi wa 5 mwaka 2018, mulinzi moja mwanamuke aliuawa wakati watalii wawili Waingereza walitekwa. Parki ikafungia wageni mpaka mwezi wa 2 mwaka 2019. Mwaka 2020 ikafunga tena juu ya korona. Na mwaka 2025 sisi wote tunajua chenye kilifika Goma mwezi wa kwanza, na Bukavu mwezi wa pili.

Lakini usalama hauishi kwenye bunduki. Kuko kazi ingine ya polepole yenye watu hawaoni. Familia ya ngagi wa pori haiwezi kuonyeshwa wageni kesho yake. Ni lazima wafuatiliaji waikaribie kila siku, polepole, kwa muda wa miaka miwili ao zaidi, mpaka ngagi muzee wa mugongo mweupe akubali. Kisha kila asubui wafuatiliaji wanatangulia mbele juu ya kujua familia imelala wapi. Wageni wanafuata, wasiopita munane kwa familia moja kwa siku, na wanakaa saa moja tu, kwa umbali, bila kugusa, juu mafua ya mutu inaweza kuua ngagi. Ukikata ile kazi kwa mwaka moja ao miwili juu ya vita, umetupa kazi ya watu wengi.

Jambo la ine: hesabu

Sasa tufanye hesabu kidogo, juu bila hesabu tunabishana bure. Wakati Virunga iko wazi, kuona ngagi ilikuwa dola 400 kwa mutu. Kama wageni ni munane, mara 400 ni dola 3 200 kwa familia moja, kwa siku moja, kwa saa moja. Uganda, tangu mwaka 2024, ni dola 800: munane wanaleta 6 400. Rwanda, tangu mwaka 2017, ni dola 1 500: munane wanaleta 12 000. Ngagi ni wa aina ileile. Milima ni ileile. Tofauti yote ya bei inatoka kwenye yale mambo mengine: hadisi, barabara, usalama, na namna mugeni anapokelewa.

Linganisha na shamba. Hekta moja ya maharagi kwa Kivu, kama mvua imekuwa muzuri na mulimaji amepata mbegu ya kweli, inaweza kutoa kama tani moja kwa musimu. Ni kazi ya miezi tatu ya mama na watoto wake. Basi mutu wa muji anasema: «Unaona? Ngagi ana faida kuliko maharagi. Tulinde parki!» Ni kweli kwenye makaratasi. Lakini yule mama mwenye maharagi anauliza ulizo moja tu: zile dola 3 200, nani anazikula?

Jambo la tano: jirani wa ngagi

Hapa njo mahali agronomia inaingia, na njo mahali jina la inchi linaweza kufa.

Udongo wa volkano ni kati ya udongo muzuri zaidi wa Afrika. Unashika maji, unazaa viazi, maharagi, mahindi, kahawa. Kwa hiyo watu ni wengi sana mahali parki iko. Shamba linagawanywa kwa watoto, kisha kwa wajukuu, mpaka inabakia kipande cha kutandika mukeka. Wakati wa masomo yangu nilipita kwenye mashamba ya pembeni ya parki, na kila mahali ni maneno mamoja. Nyati wametoka usiku, wamekanyaga viazi. Nyani wamekula mahindi mbele ya mavuno. Wale watu hawachukii wanyama. Wanachukia kulala na njaa juu ya munyama mwenye mutu wa mbali analipia kumuona.

Tuongeze makala. Sehemu kubwa ya watu wa Goma wanapika na makala, na kwa miaka mingi mengi yalikuwa yanatoka kwenye miti ya parki. Mwezi wa 7 mwaka 2007, ngagi wa familia ya Rugendo walipigwa risasi, pamoja na muzee wao Senkwekwe, na nyama haikuchukuliwa. Uchunguzi ulionyesha mambo ya biashara ya makala nyuma yake. Ona basi: sufuria ya maharagi ya Goma na ngagi wa Mikeno wamefungwa kamba moja.

Kuko na deni ingine yenye hatuwezi kuruka. Wakati parki ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, Batwa wenye walikuwa wanaishi mule walifukuzwa. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Watu ilitangaza kama walivunjiwa haki zao. Inchi haiwezi kuuza picha ya pori na wakati uleule kuficha wenye pori. Musafiri wa leo anauliza. Anasoma mbele ya kuja.

Sasa wengine wanafanya namna gani? Rwanda ilianza mwaka 2005 kutoa sehemu 5 kwa 100 ya makuta ya parki kwa vijiji vya pembeni. Mwaka 2017, siku bei ilipanda, wakafikisha 10 kwa 100. Hata wao walikuwa na makosa: mwaka 1969 walikata karibu hekta 10 000 za parki yao juu ya kulima pareto, na wale ngagi hawakurudishiwa pori. Kwetu, Virunga ilichagua njia ya umeme. Maji yenye yanashuka kutoka kwenye pori yanazungusha mashini: Mutwanga, kisha Matebe mwaka 2015 na karibu megawati 13, kisha Luviro. Kule Mutwanga umeme umezaa mpaka kiwanda kidogo cha chokola, cha kakao ya walimaji wa upande wa Beni. Mulimaji mwenye anaona taa kwake na kakao yake inauzwa, ule anaelewa faida ya pori bila mutu kumufanyia semina. Kwake, mti wenye umesimama ni maji, na maji ni umeme.

Jambo la sita: mugeni anakula

Hili wengi wanalisahau. Mugeni anaona ngagi saa moja. Lakini anakula mara tatu kwa siku, analala, ananunua, anapanda gari. Kama yai limetoka inchi ya inje, viazi vimetoka inchi ya inje, maji ya chupa na sabuni pia, basi makuta ya mugeni imepita kwetu sawa maji kwenye jani la timbiri. Imeanguka na haikulowesha kitu.

Na tazama vitu vyenye tuko navyo. Fromaji ya Masisi, yenye kila mutu mwenye anapita Goma anabeba kwenye sanduku. Kahawa ya Kivu. Samaki na sambaza ya ziwa. Kakao, viazi, mboga za udongo wa volkano. Kahawa yenye mugeni amekunywa pembeni ya ziwa, akirudi kwao anaitafuta kwenye duka. Pale jina la inchi limetoka kwenye mulima na kuingia kwenye kikombe, na linabakia kwenye kikombe hata mwaka wenye parki imefungwa.

Njo kazi yetu sisi wa agronomia. Hoteli ya wageni haitaki viazi vizuri leo na vibaya kesho. Inataka kilo ileile, ukubwa uleule, kila juma. Mulimaji moja mwenye robo ya hekta hawezi. Walimaji arobaini wenye wamejipanga, wenye mbegu moja na kalenda moja ya kupanda, wanaweza. Na pembeni kabisa ya parki, tunaweza kusaidia kuchagua mimea yenye nyati na nyani hawapendi: pilipili, majani ya chai, pareto. Chakula cha jikoni tunakirudisha ndani kidogo, karibu na nyumba. Mambo hayo hayaombi waziri. Yanaomba mutu mwenye amesoma na mwenye anakubali viatu vyake viingie udongo.

Basi inchi inajulikana namna gani?

Tukusanye. Inchi inajulikana na wasafiri wakati iko na kitu chenye hakiko kwingine. Wakati kuko mutu mwenye alikaa, akaangalia, akasimulia. Wakati njia iko wazi na mugeni anaweza kurudi kwake muzima. Wakati kazi ya kila siku inaendelea hata kama hakuna kamera. Na wakati jirani wa kile kitu anakula juu yake. Congo iko na la kwanza kupita inchi karibu zote. Mengine tulikuwa nayo, tukayapoteza, ao tunayajenga kidogokidogo.

Na yanaweza kurudi. Salonga ilikuwa kwenye liste ya hatari tangu mwaka 1999. Mwaka 2021 iliondolewa. Gorila wa mulima nao walipandishwa daraja mwaka 2018, kutoka kwenye hatari kubwa kabisa mpaka hatari ya chini yake, katikati ya vita vyote hivi. Ile haikutoka kwa bahati. Ilitoka kwa watu wenye walipanda mulima kila asubui, wengine hawakushuka.

Siwezi kumaliza vita, na wewe pia huwezi. Lakini kuko vitu viwili vyenye mwanafunzi moja anaweza. Cha kwanza: ujue vizuri mahali pamoja pa kwenu, maporomoko ya maji, kilima, soko, ndege, aina ya ndizi. Ujue jina lake, urefu wake, historia yake, wazee wanasema nini juu yake, na uandike bila kuongeza chumvi. Kabara ilikuwa ya kwetu, lakini hadisi yake iliandikwa na wengine na ikakaa kwa wengine. Cha pili: kila mara mutu anakuletea mupango wa utalii, kabla ya kupiga makofi, muulize ulizo la yule mama wa maharagi.

Nani anazikula?